Edipode Mzee: Kuwasoma Wayunani Mara ya Pili Kutoka Eastlands, Nairobi

Makala haya hayakukusudiwa kuwa utetezi wa Wayunani. Watetezi wao wamekuwa wengi tangu zamani, na baadhi yao waliwatukuza ili wapate kutudunisha sisi. Kusudi letu hapa ni dogo zaidi, nalo ni kueleza jambo linalompata msomaji wa Afrika ya Mashariki anapovirudia uzeeni vitabu vya Kiyunani alivyovisoma ujanani, hasa akivirudia huku akifikiri kwa Kiswahili, na hasa akiwa mkazi wa mitaa ile ya Nairobi iitwayo Eastlands, ambayo wajenzi wake wa kwanza hawakutazamia kwamba mtu atazeekea humo. Mfano wetu mkubwa utakuwa tamthilia za Sophocles juu ya Edipode na binti yake Antigone. Vitabu vingine tutavigusa tukipita.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Kwa miaka mingi darasani nilimlinganisha Fumo Liyongo na Achilles. Mmoja, kama tunavyosoma katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka wa 1913, hauawi ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Mwingine hauawi ila kwa kujeruhiwa kisiginoni, na habari hii ya pili niliwaambia wanafunzi kwamba imo katika Iliad ya Homer. Nilipoirudia Iliad baada ya kustaafu, sikuikuta. Utenzi ule unakwisha kwa maziko ya Hector, Achilles angali hai, wala hapana neno lolote juu ya kisigino. Habari hiyo tumeipata kwa waandishi wa baadaye sana, kama vile Statius, Mrumi wa karne ya kwanza B.K. Mahali pake nilimkuta mzee Priam, mfalme wa Troy, anaingia usiku katika kambi ya adui na kuibusu mikono iliyomwua mwanawe, ili apewe maiti akaizike. Ujanani niliziruka kurasa hizo, kwa kuwa hazina vita.

Yafaa tukumbuke Wayunani walitufikia kwa milango gani, maana haukuwa mmoja. Mlango wa kwanza ni wa bahari. Katika karne ya kwanza B.K. mwandishi mmoja wa Kiyunani, aliyeijua sana biashara ya Misri na Bahari ya Shamu, alieleza safari ya pwani yetu, akataja soko liitwalo Rhapta, akasema kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya huko ambavyo vilishonwa. Kitenzi kilichozaa jina hilo ndicho hicho hicho kilichozaa jina la mghani wa tenzi za Homer, *rhapsodos*, yaani mshona nyimbo. Mtu anayejua habari za mtepe wa Lamu, ambao mbao zake ziliungwa kwa kamba za makumbi bila ya msumari hata mmoja, hana haja ya kuelezwa zaidi kazi ya mghani ilikuwa nini. Kwa mlango huo huo wa bahari, kupitia Kiarabu, tulipata kalamu, karatasi, kanuni na falsafa, maneno ambayo asili yake ni Kiyunani. Tena Utendi wa Tambuka, ambao hati yake ni ya mwaka wa 1728, unamsimulia Herekali, yaani Heraclius, mfalme wa dola iliyosema Kiyunani. Kwa hiyo Myunani alikuwa amekwisha kukaa barazani kwetu kabla ya Mwingereza kubisha hodi.

Lakini mlango tulioingia wengi wetu ulikuwa wa pili, nao ni shule ya Mwingereza. Hapo Myunani aliletwa kama babu wa Uingereza, na sisi tukaonyeshwa picha ya babu huyo kama waonyeshwavyo watumishi picha za ukoo wa bwana wao. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa katikati ya Nairobi mwaka wa 1931, haikuwafungulia Waafrika hadi mwaka wa 1958; matawi yake ya Kaloleni na Makadara, ambayo yamewalea wasomaji wengi wa Eastlands, ni matunda ya baadaye. Si ajabu basi kwamba wasomi wetu walipopata nafasi ya kusema, walisema kwa ukali. Mwaka wa 1966 Ali Mazrui alitoa hotuba yake ya uprofesa Makerere juu ya Uyunani wa kale katika fikra za siasa za Kiafrika, akachambua jinsi jina la Wayunani lilivyogeuzwa kuwa fimbo ya kuwapimia watu wengine. Mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ifutwe. Mwaka wa 1970 Okot p'Bitek akawashutumu wasomi wa Kiafrika waliowavika miungu wa Kiafrika mavazi ya Kiyunani ili wakubalike mbele ya Wazungu.

Sioni kwamba hoja hizo zimeshindwa. Lakini yafaa zisomwe kwa makini. Waraka wa 1968 haukusema kwamba fasihi za ng'ambo zitupwe. Ulitaka Afrika iwekwe katikati, na nyingine zote zipangwe kwa kadiri ya uhusiano wao nayo. Na shutuma ya Okot ilihusu nani anamvika nani. Kumvika Rubanga joho la Zeus ni jambo moja. Kumvika Edipode kanzu na kumtazama kama inamkaa ni jambo jingine, na hilo la pili ndilo alilolifanya Samuel S. Mushi, mfasiri wa Makbeth (1968), alipotoa Mfalme Edipode mjini Nairobi mwaka wa 1971. Ngũgĩ mwenyewe, akiwa na umri wa miaka hamsini na minane, alisimama Oxford mwaka wa 1996 na kurudia mfano wa pango wa Plato. Akauliza juu ya msomi wa Kiafrika aliyetoka pangoni akaona mwanga, kisha asirudi, au akirudi aongee lugha ambayo waliomo pangoni hawaielewi. Mihadhara hiyo ilichapishwa mwaka wa 1998. Miaka ishirini baadaye, mwaka wa 2018, alitoa kwa Kigĩkũyũ utenzi wa mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, Kenda Mũiyũru. Alifariki mwaka wa 2025. Nionavyo mimi, mtu huyo hakuikana kauli yake ya ujanani. Alimrudia Myunani baada ya kwisha kurudi nyumbani.

Sasa tuangalie faida ambayo Kiswahili humpa msomaji huyo. Tulifundishwa, kwa Kiingereza, kwamba shujaa wa tanzia ana ila moja katika tabia yake, nayo ndiyo inayomwangusha. Tukatumwa kuitafuta ila hiyo kama mganga atafutavyo ugonjwa. Ya Edipode ilikuwa hasira, au kiburi, na mtahini alitoa alama kwa lolote kati ya hayo mawili. Lakini neno alilolitumia Aristotle ni *hamartia*, na katika Kiyunani cha kale kitenzi chake hutumika kwa mtu aliyerusha mkuki usipate shabaha. Mfasiri wa Kiingereza hutaabika hapa, kwa sababu lugha yake ina neno moja la kutopata shabaha na jingine la kutenda vibaya. Kiswahili hakina taabu hiyo. Mpiga mshale asipopata shabaha amekosa, na mtoto akimtukana mzazi wake amekosa. Edipode naye alikosa: alilenga kumpata mwuaji wa Laius, akalenga mbali, kumbe mwuaji alikuwa ndiye mlengaji. Hapo tabia yake haina lawama kubwa. Ni mtu aliyekuwa na bidii ya kweli ya kuuponya mji wake. (Neno hilo hilo katika Agano Jipya limefasiriwa dhambi, na nadhani fasiri hiyo ndiyo iliyoingia darasani kwetu kwa mlango wa nyuma.)

Mfano wa pili ni *xenos*. Neno hilo lina maana ya mtu usiyemjua, na pia mtu uliyemkaribisha nyumbani. Kiingereza huzitenga maana hizo kwa maneno mawili. Kiswahili huzifumbata zote katika neno mgeni. Tusijisifu mno, maana *xenos* aweza pia kuwa mwenyeji, na hapo Kiswahili kinaachana naye, kwa kuwa kwetu mwenyeji na mgeni wanatazamana uso kwa uso. Hata hivyo, kwa tamthilia ninayotaka kuieleza, neno letu latosha, maana tamthilia hiyo yote ni juu ya mtu ambaye ni mgeni kwa maana ya kwanza na anaomba awe mgeni kwa maana ya pili.

Tamthilia yenyewe ni Edipode wa Colonus. Sophocles aliitunga akikaribia miaka tisini, na ilichezwa mwaka wa 401 K.K., baada ya kufa kwake. Hadithi iliyopokewa na Cicero husema kwamba wanawe walimshtaki kuwa amepungukiwa na akili na hawezi tena kusimamia mali yake, naye akawasomea mahakimu tamthilia hiyo aliyokuwa ameishika mkononi, akauliza kama hiyo ni kazi ya mwenda wazimu. Colonus ulikuwa mtaa wake wa kuzaliwa, nje kidogo ya mji wa Athens. Darasani hatukuisoma, mfalme anayeanguka alitosha, na mzee anayetafuta kaburi alionekana hana mafunzo kwa vijana.

Kisa chake ni hiki. Edipode, kipofu, ameshikwa mkono na Antigone, amefika katika mtaa asioujua. Wazee wa mtaa, ambao ndio korasi, wanataka kumfukuza mara wanapolisikia jina lake. Theseus, mtawala wa Athens, anampokea. Kisha anakuja Creon kutoka Thebes, mji uliomfukuza, na maneno yake ni matamu: rudi nyumbani, kwa watu wako. Lakini Edipode amekwisha kupata habari. Wanamtaka kwa sababu kaburi lake litakuwa na baraka, na hawana nia ya kumzika ndani ya nchi yake. Watamweka mpakani, wapate faida ya maiti bila ya kumrudisha mtu. Baada ya Creon anakuja mwanawe, Polynices, naye pia ana haja yake. Mzee anawakataa wote wawili. Anakufa pale pale ugenini, na kaburi lake halijui mtu ila Theseus peke yake.

Sijui kama msomaji wa mahali pengine angeguswa na Creon huyo kama ninavyoguswa mimi. Historia ya Eastlands ni historia ya watu walioambiwa kwamba nyumbani kwao ni kwingine. Tangu sheria ya kipande ilipoanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwafrika wa Nairobi alihesabiwa kuwa mpita njia: afike, afanye kazi, arudi. Muthurwa na Makongeni zilikuwa nyumba za reli, na mtu alikaa humo kwa kadiri ya kazi yake. Siku ya kustaafu ndiyo siku ya kufunga mizigo. Shauri Moyo ilipokea watu waliotolewa Pangani, kijiji kilichovunjwa mwishoni mwa miaka ya 1930. Ziwani na Kaloleni zikaja katika miaka ya 1940, na Kaloleni angalau ilifikiriwa kwa ajili ya watu wenye wake na watoto. Bahati na mitaa ya Ofafa ikafuata katika miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni iliuita mtaa mmoja Mbotela na mingine Ofafa, kwa majina ya Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka wa 1952, na Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka wa 1953. Wayunani nao walikuwa na desturi ya kuyapa mahali majina ya wafu ili wafu wapalinde. Kama Serikali ya wakati ule ilikuwa na nia hiyo, ilijichagulia walinzi wake kwa uangalifu, maana wote wawili walihesabiwa kuwa wapinzani wa Mau Mau.

Katika mitaa hiyo mwenye kufa alisafirishwa. Vikundi vya watu wa kijiji kimoja, au ukoo mmoja, vilichanga senti, vikakodi gari, na maiti ikaenda Siaya, au Kakamega, au Machakos. Ilikuwa aibu kubwa kumwacha mtu alale Nairobi. Pumwani tu palikuwa na hali nyingine. Hapo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mwafrika aliruhusiwa kujenga nyumba yake mwenyewe, na wengi wa wajenzi walikuwa Waislamu waliosema Kiswahili nyumbani, wanawake kwa wanaume, baadhi yao wakiwa wamekatana na koo zao za shamba. Hao walizikana wao kwa wao mjini, katika makaburi ya Kariakor. Kwa jirani zao wa Kaloleni walionekana watu wasio na kwao. Kwa kipimo cha Sophocles wao ndio waliokuwa wamefika Colonus.

Jambo hili lilitoka mitaani likaingia mahakamani. Tarehe 20 Desemba 1986 wakili Silvano Melea Otieno alifariki dunia Nairobi. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Upper Matasia, karibu na Ngong. Ukoo wake wa Umira Kager ukataka azikwe Nyalgunga, Siaya, katika ardhi ya baba zake. Maiti ilikaa bila kuzikwa zaidi ya miezi mitano. Umati ulifurika nje ya mahakama, na magazeti yaliyachapa maneno ya mashahidi siku kwa siku. Mmoja wa mashahidi hao alikuwa Profesa Henry Odera Oruka, mwanafalsafa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeeleza mila za Wajaluo. Naye ndiye aliyekuwa akiwaendea wazee wa vijijini kuyaandika mawazo yao, akishikilia kwamba mtu aweza kuwa mwanafalsafa bila ya kuandika, kama alivyokuwa Socrates. Mwezi wa Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, na tarehe 23 ya mwezi huo marehemu akazikwa Nyalgunga.

Marehemu hakuwa mtu wa Eastlands, lakini hoja zake zilikuwa hoja za kila nyumba ya Eastlands. Wakati ule ningalimwita Wambui Antigone bila ya kusita: mwanamke mmoja mbele ya wanaume wengi, anadai haki ya kumzika mtu wake. Nikiisoma Antigone leo, naona nilikuwa na haraka. Antigone anadai sheria isiyoandikwa, ya tangu na tangu, dhidi ya amri ya mtawala. Katika Nairobi ya 1987 waliodai sheria isiyoandikwa ni ukoo. Mjane alitegemea ndoa iliyofungwa kwa sheria iliyoandikwa, na maneno ambayo mumewe aliyasema akiwa hai. Mwenye sura ya Antigone alishika hoja iliyo jirani na ya Creon, na wenye sura ya Creon walishika hoja ya Antigone. Hegel aliona zamani kwamba katika tamthilia hiyo pande zote mbili zina haki, nasi tukalikariri neno hilo kwa ajili ya mtihani. Kulielewa kulitungoja mahakamani.

Ila nadhani tamthilia iliyohitajika mwaka ule ni ile ya Colonus. Kwa maana hapo swali si nani ana haki ya kuzika. Swali ni mahali gani mtu ni mwenyeji, na kama yeye mwenyewe aweza kuamua. Sophocles anampa mzee sauti kabla hajafa. Anamwacha abishane na Creon ana kwa ana, amkatalie mwanawe, achague udongo. Mahakama yetu haikuweza kufanya hivyo, kwa sababu mwenye neno alikuwa kimya.

Nimeanza kuifasiri tamthilia hiyo. Ni kazi ya pole pole, na kwa vile Kiyunani changu ni cha kujifunza uzeeni, natembea huku nimeshika fasiri mbili za Kiingereza kama magongo. Nilipofika mwisho wake niliwasomea sehemu hiyo majirani wachache waliokuja kunijulia hali. Mzee mmoja, fundi wa reli aliyestaafu, alinisikiliza hadi pale mabinti wanapoomba kuliona kaburi la baba yao na Theseus anawakatalia. Akanisimamisha. "Mwalimu," akasema, "hapo mtungaji wako amekosea. Kaburi lisilojulikana na watoto si kaburi. Nani atalipalilia? Na kesho watoto wakiulizwa baba yenu yuko wapi, watanyosha kidole wapi?" Nilimweleza kwamba siri hiyo ndiyo inayoulinda mji. Akaniuliza mji huo ni wa nani.

Alikuwapo pia bibi mmoja mzaliwa wa Pumwani, ambaye hakusema neno muda wote huo. Sasa akauliza, "Nani alimwosha?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyuma kurasa mbili, nikaona mahali ambapo nilikuwa nimepita haraka: kabla ya kufa, Edipode anawatuma mabinti wake wakateke maji ya mtoni, nao wanamwogesha na kumvika nguo kama desturi ilivyotaka. Nikamsomea.

"Basi huyo amekwisha zikwa," bibi akasema. "Watoto wake wamemwosha kwa mikono yao, na mwenyeji amempa mahali. Mnataka nini tena?"

Fundi wa reli hakukubali. Walibishana hadi adhana ya magharibi, na bibi alipoondoka fundi alibaki akinidai kaburi.